Istilahi za hadithi fupi: maswali yanayorudi kila siku na majibu yake

Haya ni yale maswali yanayoulizwa tena na tena na watu wanaoanza kuchambua hadithi fupi. Istilahi zenyewe si ngumu, ugumu unakuja pale mtu anapozikariri bila kuziona zikifanya kazi ndani ya hadithi, kwa hiyo majibu mengi hapa yanatumia kahadithi kamoja nilikokatunga kwa ajili hii. Kasome kwanza:

Kombo ni kijana anayeishi na bibi yake na ana madeni ya kamari kila upande. Bibi ana sanduku la mbao chini ya kitanda, lina kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. Wadai wa Kombo wanaacha kumfuata mmoja baada ya mwingine, yeye anaamini wamechoka. Wakati huohuo bangili za fedha za bibi zinapungua mkononi na akiulizwa anasema zilikuwa zinambana. Usiku mmoja Kombo anavunja kufuli akitafuta pesa, anakuta karatasi za risiti tu, kila moja ina jina la mdai wake na saini kwamba deni limelipwa. Bibi anaamka gizani anauliza, "Kombo, ni wewe?" Kombo hajibu. Hadithi imeisha.

## Mambo ya msingi

1. Hadithi fupi ni ipi hasa, ni ile yenye kurasa chache tu?

Urefu unahusika ila hautoshi. Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya namna hii inasomwa kwa kikao kimoja, kuanzia nusu saa hadi saa moja au mbili, na kwamba kila kilichomo kifanye kazi ya kumjengea msomaji athari moja. Hilo la pili ndo muhimu zaidi. Riwaya inaweza kufuata familia tatu kwa miaka hamsini, hadithi fupi kawaida ina wahusika wachache, mgogoro mmoja na muda mfupi, na kwa kuwa nafasi ni ndogo basi karibu kila kitu kilichotajwa kimetajwa kwa sababu. Bangili za bibi kwenye riwaya zinaweza kuwa pambo tu, kwenye hadithi fupi ukiziona zimetajwa mara mbili jiulize zinatafuta nini pale.

2. Fani na maudhui vina tofauti gani?

Maudhui ni yale yanayosemwa, fani ni jinsi yanavyosemwa. Kwenye fani weka msuko (mpangilio wa matukio), wahusika, mandhari, usimulizi, mtindo na matumizi ya lugha. Kwenye maudhui weka dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa.

Ila usizitenge kama vitu viwili visivyojuana. Mwandishi wa Kombo angetuambia mapema kwamba bibi ndiye anayelipa, maudhui yangebadilika kabisa, tungesoma hadithi ya bibi mwenye huruma badala ya hadithi ya kijana aliyekuwa haoni. Kilichobadilika ni mpangilio tu, yaani fani, na maudhui yakahama nayo. Ukiweza kuonyesha uhusiano huo kwenye uchambuzi wako, umeshafanya kazi kubwa kuliko kuorodhesha vipengele kumi.

3. Maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa, mbona vinaonekana kitu kimoja?

Hili ndo swali linalosumbua kuliko yote, na sehemu ya tatizo ni kwamba vitabu havikubaliani. Kuna vitabu maudhui ni jumla ya yote yanayosemwa na dhamira ni mojawapo ndani yake, alafu kuna vingine vinaita maudhui yale mada yanayojitokeza (umaskini, mapenzi, uongozi) na dhamira wanaifanya kuwa lengo au kusudi la mwandishi. Mwanafunzi wa Tanzania mara nyingi anakutana na matumizi ya kwanza, wa Kenya anakutana sana na ya pili. Ukisoma na mtu wa upande mwingine mnaweza kubishana nusu siku na wote mko sawa, kwa hiyo angalia kwanza kitabu chako au mwalimu wako anatumia ipi na ushikilie hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho wa jibu.

Ukishaamua, tofauti zenyewe hazina shida. Mada ni neno au maneno mawili: "kamari", "upendo wa wazee". Dhamira ni kile hadithi inachokisema kuhusu mada hiyo, na lazima iwe sentensi kamili: "mtu anaweza kubebwa na upendo wa mwingine kwa muda mrefu bila kujua." Ujumbe ni funzo ambalo msomaji anaondoka nalo, mfano tusikimbilie kuwadhania vibaya wanaotutunza. Msimamo ni upande aliosimama mwandishi kwenye jambo lenyewe. Falsafa ni imani yake pana kuhusu maisha, na hapa niseme wazi, kumpa mwandishi falsafa kwa hadithi moja ya kurasa nne ni kujitafutia matatizo, falsafa unaiona vizuri ukisoma kazi zake kadhaa.

Njia rahisi ya kujipima ni hii, ukiulizwa dhamira na jibu lako ni neno moja tu, hujafika bado, hiyo ni mada.

4. Je hadithi fupi inaweza kuwa na dhamira zaidi ya moja?

Ndio. Kuna dhamira kuu na ndogo ndogo. Dhamira kuu ni ile ukiiondoa hadithi nzima inaanguka. Kwa Kombo, kwamba kamari inamfikisha mtu pabaya ni dhamira ndogo, tungeweza kubadilisha madeni yakawa ya kitu kingine na hadithi ingesimama, lakini ukiondoa ile siri ya bibi hakuna kinachobaki.

## Msuko na mgogoro

5. Msuko na kisa ni tofauti au ni majina mawili?

Ni tofauti. Kisa ni matukio kama yangetokea kwa mfuatano wa kalenda: Kombo anakopa, bibi anauza bangili, bibi analipa, Kombo anavunja kufuli. Msuko (wengine wanasema ploti) ni jinsi mwandishi alivyoyapanga na kuyafunga kwa sababu na matokeo, nini kinatangulia, nini kinafichwa, nini kinarudiwa. Kwenye kisa, bibi analipa kabla ya kufuli kuvunjwa. Kwenye msuko sisi tunalijua hilo mwishoni kabisa. Ukiandika "msuko wa hadithi hii ni" alafu ukasimulia upya hadithi nzima, umetoa muhtasari, hujachambua msuko.

6. Msuko una hatua ngapi, tatu au tano?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizungumzia mwanzo, kati na mwisho. Zile hatua tano zinazochorwa kama mlima (utambulisho, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka, suluhisho) zinatoka kwa Gustav Freytag, Mjerumani aliyeandika mwaka 1863, na watu wengi hawajui kwamba yeye alikuwa anachambua tamthilia, hasa tanzia (tamthilia zenye mwisho wa huzuni) zilizogawanywa katika matendo, yaani sehemu kuu, matano. Hakuwa anazungumzia hadithi fupi. Kwa hiyo ukiona hadithi yako haina "kushuka" usiibuni. Hadithi ya Kombo inakatika mara tu baada ya kilele, na kukatika huko ni uamuzi wa mwandishi, ambao ndio unapaswa kuueleza.

7. Kilele ni pale penye vurugu nyingi zaidi?

Si lazima. Kilele ni pale mvutano unapofika mwisho na mambo hayawezi tena kurudi yalivyokuwa. Wengi wataandika kilele ni kuvunjwa kwa kufuli kwa sababu kuna kelele na hatari, na jibu hilo linaweza kutetewa. Mimi naona kilele ni pale Kombo anaposoma jina la kwanza kwenye risiti, hakuna sauti yoyote pale lakini kuanzia sekunde ile hawezi kumtazama bibi yake kama zamani. Chochote utakachochagua, toa sababu yake.

8. Mgogoro lazima uwe ugomvi kati ya watu wawili?

Hapana, na hili linakosesha watu alama nyingi. Mgogoro ni mvutano wowote kati ya nguvu mbili: mtu na mtu, mtu na jamii, mtu na mazingira, mtu na nafsi yake. Kombo na wadai wake wana mgogoro wa nje. Kombo akijiuliza moyoni kama amuibie mtu aliyemlea, huo ni mgogoro wa nafsi. Hadithi fupi nyingi zinaweka mgogoro wa nje juu ili utufikishe kwenye ule wa ndani, kwa hiyo ukishaupata wa nje usisimame hapo, endelea kuchimba.

9. Mbinu rejeshi, kiangazambele na taharuki, nazitofautishaje?

Mbinu rejeshi (au kisengere nyuma) inaturudisha kwenye tukio lililopita, mfano katikati ya usiku ule tukapelekwa utotoni kwa Kombo bibi akimfundisha kuhesabu. Kiangazambele ni dokezo la jambo linalokuja ambalo mara nyingi unaligundua ukisoma mara ya pili, na bangili zinazopungua ni mfano mzuri sana. Taharuki iko kwako msomaji, ni ile hali ya kutaka kujua kitakachotokea na kuogopa kidogo. Mbili za kwanza ni vifaa vya mwandishi, taharuki ni matokeo yake.

## Wahusika

10. Mhusika mkuu lazima awe mtu mwema?

Hapana. Mhusika mkuu ni yule ambaye mgogoro na dhamira vinamzunguka, awe mwizi, mwongo, mtoto au hata mnyama. Kombo ni mhusika mkuu ingawa bibi ndiye mwenye utu zaidi. Vilevile mpinzani wake si lazima awe mbaya, ni yule tu anayezuia anachokitaka, na kama Kombo anataka kilichomo sandukuni basi kwa sehemu kubwa ya hadithi anayemzuia ni bibi mwenyewe.

11. Mhusika bapa na mhusika duara ni nini, na je bapa ni kosa la mwandishi?

Mgawanyo huu ulipata umaarufu kupitia E. M. Forster, mwandishi Mwingereza, mwaka 1927. Mhusika bapa amejengwa juu ya sifa moja au mbili na habadiliki, mhusika duara ana pande nyingi na anaweza kutushangaza kwa namna tunayoiamini. Kubadilika peke yake hakutoshi, lazima tuamini kwamba mtu huyu kweli angeweza kufika pale.

Si kosa kabisa. Hadithi fupi haina nafasi ya kumfanya kila mtu awe duara. Wadai wa Kombo ni bapa na wanapaswa kubaki hivo, wangepewa kila mmoja historia yake tungepotea. Kuna pia mhusika foili ambaye kazi yake ni kufanya sifa za mwingine zionekane, tuseme Kombo angekuwa na rafiki mwenye madeni kama yeye ambaye anafanya kazi na kulipa mwenyewe, tungemuona Kombo vizuri zaidi kupitia kwake.

12. Nikiambiwa nitaje sifa za mhusika natoa wapi?

Angalia sehemu nne: anachofanya, anachosema, anachofikiri, na wengine wanasema nini juu yake. Alafu kila sifa ifungwe na tukio. Ukiandika "bibi ni msiri" ongeza hapohapo kwamba akiulizwa bangili ziko wapi anasema zilikuwa zinambana. Sifa bila tukio ni maoni tu.

Tahadhari moja, umri, kabila, kazi au umbo si sifa za tabia. "Mzee" ni maelezo yake, "mvumilivu" ni sifa.

## Usimulizi

13. Msimulizi ndiye mwandishi?

Hapana, na kama kuna jambo moja ningependa kila msomaji alishike ni hili. Mwandishi ni mtu halisi aliyekaa akaandika, msimulizi ni sauti iliyobuniwa ndani ya hadithi kama wahusika wengine walivyobuniwa. Mwanamke wa miaka sitini anaweza kuandika hadithi ambayo msimulizi wake ni mvulana wa miaka tisa, na chuki au ujinga wa msimulizi huyo si ushahidi kwamba mwandishi anafikiri hivyo. Hata pale msimulizi anaposema "mimi" na maisha yake yanafanana na ya mwandishi, andika "msimulizi anasema." Ni neno moja tu lakini linabadilisha kabisa ubora wa uchambuzi.

14. Nafsi ya kwanza, nafsi ya tatu, msimulizi maizi, nitajuaje ipi ni ipi?

Nafsi ya kwanza ni "mimi" au "sisi", msimulizi yumo ndani. Nafsi ya tatu ni "yeye" na "wao". Hapo kwenye ya tatu ndipo watu wanaposimama mapema, maana inagawanyika: msimulizi maizi anajua yaliyo moyoni mwa kila mtu, wa nafsi ya tatu yenye mipaka anafuata akili ya mhusika mmoja tu, na kuna yule anayetazama kwa nje tu, anaripoti matendo na maneno bila kuingia kichwani mwa yeyote.

Jaribu hivi, jiulize ni mawazo ya nani tunaruhusiwa kuyasikia. Kombo amesimuliwa kwa nafsi ya tatu yenye mipaka, tunajua anachoamini kuhusu wadai ila hatujui bibi anafikiri nini. Angekuwa msimulizi maizi siri ingevuja kwenye aya ya pili, au ingebidi atufiche kwa makusudi na tungejihisi tumechezewa.

15. Msimulizi asiyeaminika ni yule anayedanganya?

Kudanganya ni namna moja tu. Wayne Booth, mhakiki wa Marekani, ndiye aliyeipa nguvu istilahi hii mwaka 1961, na inahusu msimulizi ambaye tuna sababu za kutoyachukua maneno yake kama yalivyo: anaweza kuwa mtoto asiyeelewa, mlevi, mwenye wivu, au mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake. Kombo angesimulia mwenyewe, "wadai wamenichoka, wameniacha," hajadanganya, anaamini anachosema, ila sisi tunaziona bangili zikipungua na tunaanza kushuku. Ushahidi wa kutoaminika lazima utoke ndani ya hadithi, usimtilie msimulizi shaka kwa kuwa tu humpendi.

## Mandhari na toni

16. Mandhari ni mahali tu?

Ni mahali, wakati, na hali ya maisha ya pale. Usiishie kuandika "ni chumbani usiku", eleza giza linafanya nini. Kwenye hadithi yetu giza ndilo linalomwezesha Kombo kunyamaza, mchana bibi angeona uso wake na swali lake lingejibiwa bila maneno.

17. Toni na hisia ya hadithi vinatofautianaje?

Toni ni mkabala wa msimulizi kwa anachokisimulia: huruma, dharau, hasira, utani. Hisia ni hali inayomwingia msomaji. Zinaweza kupishana kabisa, msimulizi anaweza kueleza jambo la kutisha kwa sauti ya kawaida tu na hofu yako ikazidi kwa sababu hiyohiyo.

## Lugha na ishara

18. Tashbihi, sitiari na jazanda, naomba tofauti fupi.

Tashbihi inalinganisha kwa kutumia kiunganishi kama vile "kama", "mithili ya", "mfano wa". Sitiari inaondoa kiunganishi na kusema kitu ni kitu kingine moja kwa moja. Jazanda ni picha ya ulinganisho iliyofichika na mara nyingi inaendelea, inajengwa sentensi baada ya sentensi. Taswira ni pana zaidi, ni picha yoyote inayoingia kupitia milango ya fahamu, hata bila ulinganisho wowote: sauti ya bangili moja iliyobaki ikigonga ukingo wa kitanda ni taswira.

19. Nitajuaje kitu ni ishara na si kitu cha kawaida tu?

Angalia dalili tatu. Kinarudiwa, kinawekwa sehemu nzito (mwanzoni, kwenye kilele, mwishoni), au wahusika wanakipa uzito kuliko thamani yake. Sanduku la bibi lina zote. Kinachofuata ni kutafuta maana yake humohumo ndani ya hadithi: Kombo anadhani limebeba mali, kumbe limebeba yale aliyotendewa. Usichukue orodha ya nje inayosema nyekundu ni damu na njiwa ni amani alafu ukaipachika, mara nyingine njiwa ni njiwa.

20. Kinaya, kejeli na sadfa vinachanganya sana, msaada.

Kejeli ni maneno ya kudhihaki, yanamlenga mtu na yanauma. Kinaya ni kinyume kati ya kinachotarajiwa au kinachosemwa na kilichopo, na kina namna tatu. Cha maneno, mtu anasema kinyume cha anachomaanisha. Cha hali, matokeo yanakuwa kinyume cha matarajio: Kombo anavunja sanduku kutafuta pesa za kulipa madeni, anakuta ushahidi kwamba madeni hayo yameshalipwa. Cha kidrama, msomaji anajua asichokijua mhusika, na mtu aliyeshtukia bangili mapema anaisoma hadithi nzima ndani ya kinaya hiki.

Sadfa ni matukio mawili kugongana bila kupangwa wala sababu. Kombo akikutana na mdai njiani bila kutegemea hiyo ni sadfa, kukuta risiti si sadfa kwa kuwa bibi aliziweka kwa makusudi. Watu wengi wanaita sadfa "kinaya" kwa sababu tu jambo limewashangaza.

## Maswali magumu kidogo

21. Hadithi yangu haina kilele wala suluhisho, nimesoma vibaya?

Huenda hujakosea. Kuna hadithi zinazojengwa juu ya mhusika kung'amua kitu kimoja ghafla, nje hakuna kinachotokea, na kung'amua huko ndo kilele chake. Zingine zina mwisho wazi. Kombo hajibu, hatujui asubuhi itakuwaje. Kazi yako hapo si kuandika mwisho wako mwenyewe, eleza swali lililoachwa wazi na kwa nini kuachwa wazi kunaitumikia dhamira (rudi swali la 3 na la 6).

22. Kipengele kimoja kinaweza kuwa istilahi mbili kwa pamoja?

Kinaweza. Bangili ni kiangazambele, ni taswira, na zinaweza kuwa ishara pia. Taja ile inayojibu swali uliloulizwa. Ukiulizwa kuhusu msuko zieleze kama kiangazambele, ukiulizwa kuhusu lugha zieleze kama taswira, na kama nafasi ipo onyesha zinavyoungana.

23. Tukisoma hadithi moja tukatoa dhamira mbili zinazopingana, nani yuko sahihi?

Labda nyote, labda hakuna. Chukua kila dhamira uipitishe kwenye hadithi nzima, hasa kwenye zile sehemu zinazoipinga. Mtu akisema hadithi ya Kombo inahusu ubaya wa kamari, muulize mbona kamari yenyewe haionyeshwi hata mara moja. Mwingine akisema inahusu wema wa bibi peke yake, muulize kwa nini tumefungiwa ndani ya kichwa cha Kombo mwanzo hadi mwisho. Dhamira inayoacha maswali machache zaidi bila majibu ndiyo yenye nguvu.

24. Na kama mwandishi hakukusudia hayo yote ninayoyaona?

Inawezekana hakukusudia, na mara nyingi hatuna njia ya kujua. Ndo maana uchambuzi unasimama kwenye maneno yaliyoandikwa na si kwenye kichwa cha aliyeyaandika. Ukiweza kuweka kidole kwenye mstari na kusema "naliona hapa, na tena hapa," una haki ya kulisema. Usipoweza, liache, hata kama unalipenda sana.